Mtazame Dume Kwanza

Anayekwenda kununua kamba wekundu wa mapambo, wale wadogo wa maji baridi ambao kitaalamu huitwa Neocaridina davidi, huvutwa na jike. Jike ni mnene, hufikia sentimita 3 hivi, na wekundu wake ukikolea humfunika hadi miguuni. Dume ni mwembamba, mfupi, na mara nyingi ana sehemu zinazopitisha mwanga. Hata hivyo, mbegu haipimwi kwa jike. Kamba hawa porini, kule China na Taiwan, ni wa rangi ya udongo au hawana rangi. Wekundu umejengwa kwa kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi, na dume ndiye mgumu kukolea. Nikimwona dume ambaye rangi haikatiki kuanzia kichwani hadi mkiani, naamini kazi ya mfugaji huyo.

Ndiyo maana tangi la kuuzia lenye majike peke yao hunitia shaka, hata likiwaka kama nini. Wamechambuliwa kwa rangi, na madume, ambao wangekuonyesha ukweli wa mbegu, wamebaki nyuma. Tazama mayai. Jike aliyepevuka huwa na doa la manjano au kijani mgongoni, nyuma ya kichwa: ni mayai yanayokua ndani ya mwili. Akishajivua gamba na kupandwa, huyashusha chini ya tumbo, mara nyingi 20 hadi 30, akayapepea kwa wiki tatu au nne mpaka yaanguliwe. Ukiona madoa mengi migongoni na hakuna hata mmoja aliyebeba mayai tumboni, uliza madume wako wapi.

Katika kutofautisha jinsia, ukubwa na rangi hudanganya, kwani jike mchanga hufanana sana na dume. Mtazame ubavuni, tochi ikimulika kutoka upande wa pili. Tumbo la jike lina magamba ya ubavuni yaliyoshuka kama upenu wa nyumba, yakiyakinga mayai; la dume lina ukingo ulionyooka, unaopungua kuelekea mkiani. Kwa kamba wenye mistari myekundu na myeupe, ambao Hisayasu Suzuki wa Japani aliwaendeleza miaka ya 1990, rangi haisaidii sana, na umbo hili ndilo la kutegemea.

Mimi hutafuta dume mmoja kwa majike wawili au watatu. Dume mmoja aweza kuwapanda majike wengi, lakini madume wakiwa haba mno, baada ya muda watoto wote huwa wa baba mmoja na damu hudhoofu. Wakizidi, anayeumia ni jike. Akijivua gamba hutoa harufu majini, na madume wote hutimka tangi zima wakimsaka, ilhali mwili wake bado laini.

Kabla ya kulaumu mbegu kwa madume kuzidi, uliza joto la maji. Majaribio yameonyesha kwamba watoto waliokulia kwenye nyuzi 20 za Selsiasi huwa majike kwa wingi, kwenye 23 hukaribiana nusu kwa nusu, na kwenye 26 madume hutawala. Kwa mfugaji wa Dar es Salaam au Mombasa hili ni jambo zito, maana tangi lisilopozwa hupita 26 bila shida. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha joto, mradi uongeze maji yanayopotea.

Jambo la mwisho ni umri. Jike mkubwa mwekundu kupita wenzake huenda ni mzee, na kamba hawa huishi mwaka mmoja hadi miwili tu. Ningechukua vijana kumi au zaidi wa sentimita moja na nusu, wavuliwe ovyo bila kuchaguliwa, kutoka kwenye tangi ambalo baba zao bado wanaonekana.