Baa, Chuma au Mwamba? Uhakiki wa Tafsiri ya Maelekezo ya Kutunza Kifaa

Tafsiri mbaya ya shairi humkera msomaji. Tafsiri mbaya ya maelekezo humharibia kazi, na pengine humuumiza. Hata hivyo wahakiki wetu wamezoea kushughulikia mashairi na riwaya, na karatasi za maelekezo huachwa zijiendee. Katika makala hii tunakusudia kuihakiki karatasi moja ya namna hiyo, yenye sentensi zisizozidi kumi. Tuliletewa na mwalimu aliyepata kufundisha Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo wa uwanda wa juu wa Ufipa. Karatasi ilifika pamoja na vifaa vya michezo vilivyotolewa msaada, na ndani yake mlikuwa na vifaa vinne ambavyo karatasi iliviita "baa za baleti zinazobebeka".

Yafaa kwanza tukieleze kifaa chenyewe. Baleti ni aina ya dansi ya jukwaani iliyowekewa kanuni Ufaransa, ambako Mfalme Louis wa Kumi na Nne alianzisha chuo cha dansi mwaka 1661. Hadi leo istilahi zake nyingi ni za Kifaransa. Mwanafunzi wa dansi hiyo huanza mazoezi akiwa ameweka mkono juu ya mti au bomba lililolazwa kiasi cha kiuno chake, ili apate mizani huku akikunja magoti na kuinua miguu. Mti huo ukiwa umepigiliwa ukutani hauhami. Ukiwa umefungwa juu ya miguu yake wenyewe, huweza kufunguliwa na kuwekwa kando. Hiki cha pili ndicho kilichofika Muze, na mwalimu wetu alikitumia kwa mazoezi ya viungo ya watoto, jambo ambalo halina ubaya wowote.

Sasa tulitazame jina. Mfasiri amechukua sauti ya neno la kigeni akaiandika "baa". Lakini Kiswahili kina baa mbili tayari. Ya kwanza ni balaa, kama tunaposema baa la njaa. Ya pili ni mahali pa kunywea pombe. Kwa hiyo mwalimu alipoandika katika leja ya vifaa vya shule kwamba amepokea "baa 4 zinazobebeka", aliyekuja kukagua leja alicheka kwanza, kisha akadai maelezo. Kicheko kikapita, lakini hoja ikabaki. Mali ya umma huandikwa ili aje mtu mwingine aihesabu, naye hawezi kuhesabu kitu ambacho jina lake halimwonyeshi kitu. Mwalimu ndiye aliyetia sahihi, na kama kimojawapo kingalipotea, yeye ndiye ambaye angaliulizwa.

Katika sentensi nyingine mfasiri huyo huyo ameacha "baa" akaandika "vyuma", na mahali pengine "fimbo". Hili ni kosa kubwa kuliko la kwanza. Kitu kimoja katika maandishi ya kiufundi hakina budi kuwa na jina moja tangu mwanzo hadi mwisho. Msomaji anayekuta majina matatu hudhani ana vitu vitatu, akaanza kukitafuta kile asichokiona. Isitoshe, "chuma" ni jina la madini, na sehemu ya kushikwa katika kifaa hiki mara nyingi ni mti. Katika Ufipa, ambako wahunzi wa zamani waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, usingetarajia mti uitwe chuma pasipo mtu kuuliza. Na "fimbo" darasani ina maana yake, ambayo watoto wanaijua vema kuliko sisi.

Je, Kiswahili hakina neno? Utaratibu unaofahamika katika kazi yetu ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na mwishowe katika lugha za kigeni. Ndivyo tulivyopata ikulu kutoka Kinyamwezi na bunge kutoka Kiha. Katika jambo hili hatukuwa na haja ya kwenda mbali. Mafundi wa nyumba wana boriti, pau, fito na mtambaapanya. Boriti hubeba uzito, na kifaa hiki hakibebi. Mkono huwekwa juu yake kwa wepesi tu. Fito ni nyembamba na hufungwa pamoja kwa wingi. Mtambaapanya ni neno zuri kwa sikio, lakini makazi yake ni juu darini. Limebaki neno mwamba. Wapenda kandanda wote hulitumia kwa mti wa juu wa goli, uliolazwa juu ya milingoti miwili, na umbo la kifaa chetu ndilo hilo hilo. Tunapendekeza basi "mwamba wa mazoezi": ulio ukutani uwe "mwamba wa ukutani", na wa kufunguliwa uwe "mwamba wa kuhamishika". Wako watakaosema kwamba mwamba pia ni jiwe. Ni kweli, lakini hakuna atakayeandika katika leja kwamba amepokea jiwe la kuhamishika lenye miguu miwili. Muktadha hulinda neno hili, haukuilinda "baa".

Tukija kwenye sentensi zenyewe, mambo ni mazito zaidi. Karatasi inasema: "Zihifadhiwe katika joto la chumba." Chumba kipi? Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa kiasi cha meta 800. Kwa tofauti ya meta 1,000 joto hubadilika takriban digrii 6. Anayeishi Sumbawanga hujifunika blanketi usiku ambao mkazi wa Muze amefungua madirisha. Asili ya sentensi hiyo ilikusudia kwamba mti usipigwe jua ukapinda, wala usikae penye unyevu ukavimba, na bolti zisishikwe na kutu. Mfasiri aliyeielewa sababu angaliandika: "Usiuache mwamba juani wala penye unyevu." Na kama angalimfikiria msomaji wake, angaliongeza jambo ambalo mwandishi wa awali hakulijua: usiulaze chini kwenye udongo, kwa sababu ya mchwa.

Neno "hifadhi" nalo limetwishwa mzigo usio wake. Twalisikia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na pia katika kuhifadhi shairi moyoni. Watumishi wa serikali wana maneno yaliyo wazi zaidi: kitu huwekwa ghalani au boharini, na mtunza ghala huandika. Tungependa basi "kuweka" litumike kwa kukipa kitu mahali pake baada ya kazi. "Kutunza" litumike kwa kukipangusa, kukikaza na kukikagua. Na "kuhifadhi" libaki kwa kulinda kitu kisiharibike kwa muda mrefu. Karatasi yetu imeyachanganya yote matatu kwa neno moja.

Madhara ya mchanganyiko huo yalionekana katika sentensi hii: "Skrubu zikazwe vizuri baada ya kuhifadhi." Mwalimu aliielewa kwamba akishaiweka miamba stoo ndipo aikaze, naye akafanya hivyo kwa uaminifu. Maana iliyokusudiwa ilikuwa kwamba kifaa kikishatolewa ghalani kikazwe kabla ya kutumika, kwa kuwa bolti hulegea wakati wa kubebwa. Tena hazikuwa skrubu, zilikuwa bolti na nati. Alikwenda kuazima bisibisi, kumbe alihitaji spana. Siku moja mwamba uliteleza kutoka kwenye mguu wake, na mtoto mmoja akaumia kidole. Jeraha lilikuwa dogo, lakini lilitokana na neno "baada".

Sentensi iliyotakiwa si ngumu: "Kila mara kabla ya mazoezi, kaza nati zote kwa spana, kisha utikise mwamba uone kama umeshika." Na za kuweka ghalani zifuate kwa mpangilio wa kazi: pangusa jasho kwa kitambaa kikavu; fungua miguu; tia bolti na nati katika mfuko na uufunge kwenye mguu mmojawapo; laza mwamba juu ya vipande vitatu vya mbao ili usipinde katikati; usirundike kitu juu yake.

Wengine watauliza kama inafaa kutumia kurasa kwa kifaa kilicho adimu namna hii. Tunajibu kwamba wanaokihitaji wapo. Huko Kibera, Nairobi, katika miaka ya 2010, mwalimu Mike Wamaya aliwafundisha watoto baleti katika chumba cha darasa kilichoondolewa madawati. Mwamba haukuwapo, nao wakaweka mikono kwenye ukuta wa saruji. Zaidi ya hayo, makosa tuliyoyaonyesha si ya kifaa hiki peke yake. "Joto la chumba" na "baada ya kuhifadhi" yanaweza kuandikwa kesho katika maelekezo ya pampu ya maji au ya kitanda cha zahanati.

Hatuna budi pia kujihakiki wenyewe. Sisi tunaoshughulikia istilahi tumezoea kutoa orodha za maneno bila sentensi, na mfasiri huachwa ajitafutie jinsi ya kuyatumia. Orodha ingaliweza kumpa mfasiri huyu neno "mwamba". Isingalimwonyesha mahali pa kuweka "kabla" na "baada". Kwa hiyo tunapendekeza kila istilahi ya kifaa itolewe pamoja na sentensi moja ya matumizi na moja ya utunzaji, zilizojaribiwa kwa kumpa mtu asiyekijua kifaa azisome akiwa nacho mikononi. Walimu, watunza ghala na wafasiri walio na karatasi za namna hii tunawaomba watuletee, pamoja na maelezo ya yaliyotokea walipozifuata.