Majina ya Milo: Chamshakinywa, Chamcha na Chajio

1. Utangulizi

Miongoni mwa maneno ambayo mtumishi wa ofisi hukutana nayo kila siku, lakini ambayo wanaistilahi hatuyatilii maanani sana, ni majina ya milo. Katika ratiba za semina, matangazo ya mabweni na orodha za vyakula hotelini, husomeka maneno matatu yaliyopangwa kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja: chamshakinywa, chamcha na chajio. Kamusi zimeyaorodhesha, walimu huyafundisha, na wafasiri huyatumia pasipo kuuliza.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki. Hoja yetu ni kwamba maneno haya si ndugu. Mawili yamejengwa juu ya sarufi ya Kiswahili, na moja halikujengwa juu ya kitu chochote. Zaidi ya hayo, hata yale yaliyojengwa vema yaweza kumpotosha msomaji iwapo jina la mlo litachukuliwa kuwa jina la saa.

2. Namna milo inavyoitwa kwingineko

Tukitazama lugha mbalimbali tunaona kuwa mlo hupewa jina kwa njia tatu: kwa tendo, kwa wakati, au kwa kitu kinacholiwa.

Njia ya kwanza ni ya tendo. Waingereza huita mlo wa asubuhi breakfast, yaani kuvunja mfungo wa usiku. Wahispania husema desayuno, na maana ni ile ile. Neno la Kifaransa déjeuner nalo lina asili hiyo. Na la ajabu zaidi ni kwamba dinner ya Waingereza imetokana na shina hilo hilo la Kilatini. Kwa hiyo Mwingereza aketiye mezani usiku kula dinner, kwa asili ya neno, anafungua kinywa kwa mara ya pili siku hiyo! Wafaransa, baada ya déjeuner yao kusogea hadi mchana, walibaki asubuhi bila jina, ikawabidi kubuni petit déjeuner, yaani déjeuner ndogo. Lakini wasemao Kifaransa huko Quebec, Ubelgiji na Uswisi hawakufuata mwendo huo: kwao déjeuner ingali mlo wa asubuhi, dîner ni wa mchana, na usiku ni souper. Mgeni akialikwa dîner hana budi kuuliza kwanza mwenyeji wake ni mtu wa wapi, la sivyo atafika vyombo vimekwisha kuoshwa.

Njia ya pili, ya wakati, ndiyo idhaniwayo kuwa salama kuliko zote. Sivyo. Frokost ya Wadenmarki ina maana ya chakula cha mapema, na kwa jirani zao wa Norway neno hilo hilo ni mlo wa asubuhi. Wasweden nao wana frukost ya asubuhi. Lakini Mdenmarki huila frokost yake mchana. Aidha, middag ya Wasweden maana yake ni adhuhuri, nao huila jioni. Saa imehama, jina likabaki.

Njia ya tatu ni ya chakula chenyewe. Wajapani huunda majina ya milo yote mitatu kwa neno gohan, yaani wali: wali wa asubuhi, wa mchana na wa usiku. Wabrazili husema café da manhã, kahawa ya asubuhi, hata kwa asiyeinywa kahawa. Waturuki wamepita kando kidogo: kahvaltı yao ni kile kiliwacho kabla ya kahawa. Kaskazini mwa Uingereza wapo waitao mlo wa jioni tea, chai, ingawa mezani pana viazi na nyama.

Nasi tusiwacheke. Mswahili aulizwapo, "Umekunywa chai?" hujibu ndiyo hata kama alikunywa uji. Tena mtu huyo huyo, aliyekwisha kula mkate na maandazi, adhuhuri ikifika hulalamika kuwa tangu asubuhi hajala, kwa kuwa kwake chakula ni ugali au wali. Futari nayo ni mlo wa kufungulia saumu magharibi. Lakini husemwa pia "kupika futari" kwa maana ya muhogo, magimbi au viazi vilivyoungwa, na futari ya namna hiyo yaweza kuliwa na mtu asiyefunga.

3. Uchambuzi wa maneno matatu

Chamshakinywa ni neno la tendo. Kiambishi ki- kinapokutana na irabu aghalabu hugeuka ch-, kama katika chombo na chembamba. Hivyo ki- na amsha vimetoa chamsha. Wenzetu wa Kenya hupenda kiamshakinywa, ambapo ki- imebaki wazi. Tanzania kifungua kinywa ndicho kilichoenea. Maneno yote haya yamefuata muundo wa zamani tunaouona katika kifungua mimba, kitinda mimba na kifungua mlango. Staftahi nayo imetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kufungua; isichanganywe na futari, ambayo mzizi wake ni mwingine, wenye maana ya kupasua au kuvunja. Hapa basi lugha yetu ina utajiri, na hatuoni sababu ya kuua neno lolote ili jingine liishi.

Chajio ni neno la wakati. Baadhi ya wasomaji hudhani kuwa ni "chakula cha jioni" kilichokatwa mkia. Lakini neno jioni lenyewe lina -ni ya mahali na wakati, kama nyumbani na mwishoni. Ukiiondoa hubaki jio, neno lenye uhusiano na kuja: wakati usiku ujapo. Kwa hiyo cha jio ni tungo kamili. Halikukatwa mahali pasipo kiungo.

Chamcha ndilo lenye kasoro. Hapa mkataji amechukua cha, akaongeza mcha-, akaitupa silabi -na. Lakini -na ya mchana si kiambishi, bali ni sehemu ya mzizi. Kinachobaki si neno. Anayekutana nalo mara ya kwanza hawezi kulifumbua, bali hubidi aambiwe. Na istilahi ambayo ni lazima mtu aambiwe, ilhali jambo lenyewe ni la kila siku, haijamsaidia. Mtu ajuaye Kihindi atashangaa zaidi, maana kwake chamcha ni kijiko, na katika mazungumzo ya mitaani ni mtu ajipendekezaye kwa wakubwa. Tangazo lisemalo "Chamcha saa saba kamili" laweza kumpa mawazo yasiyokusudiwa kuhusu semina hiyo.

Watetezi wa neno hili husema kuwa ni fupi, na kwamba nafasi katika ratiba ni ndogo. Hoja hii ina uzito. Ufupisho umetufaa mahali pengi, na UKIMWI ni mfano bora, kwani maelezo kamili ya ugonjwa huo ni marefu kuyatamka. Lakini kwa mlo wa mchana wasemaji wenyewe walikwisha kufupisha kabla ya wataalamu: husema cha mchana, na cha usiku. "Umekwisha kula cha mchana?" Chamcha lina silabi tatu, cha mchana ina nne. Kwa kuokoa silabi moja tumepoteza maana yote.

4. Athari katika kazi

Msomaji aweza kuuliza, je, jambo hili lastahili kurasa za jarida? Tunaona lastahili, kwani majina ya milo hayaishii mezani. Mgonjwa atakayepasuliwa huambiwa asile kitu "baada ya chakula cha jioni". Nyumba moja hula saa kumi na mbili, nyingine saa nne usiku. Nao wote wawili wametii maandishi. Cheti cha dawa husema "kidonge kimoja baada ya kila mlo", na mwandishi amekwisha kuamini kwamba kila mtu hula mara tatu. Alaye mara mbili atameza vidonge viwili. Aliyefunga Ramadhani atavimeza baada ya futari na baada ya daku, vyote usiku. Kosa hapa si la mgonjwa. Ni la aliyelitumia jina la mlo kama saa ya ukutani.

Hata chajio, tuliyoisifu kwa umbo lake, yapaswa kutumiwa kwa uangalifu. Mlo wa saa mbili usiku si wa jioni, na watu wengi huuita cha usiku. Ratiba isemayo "chajio, saa mbili usiku" inajipinga yenyewe.

5. Mapendekezo

Kwa hayo, twapendekeza yafuatayo:

(a) Mlo liendelee kuwa neno la jumla.

(b) Kifungua kinywa, chamshakinywa, kiamshakinywa na staftahi yatambuliwe kuwa visawe, ila mwandishi achague kimoja na kukishika katika maandishi yake yote.

(c) Chamcha liachwe katika maandishi ya ofisi na vitabu vya shule. Mahali pake pawe chakula cha mchana, au cha mchana palipo na nafasi ndogo.

(d) Chajio litumike kwa mlo wa jioni tu. Wa usiku uitwe chakula cha usiku.

(e) Maagizo ya dawa na ya matibabu yataje saa. Mlo utajwe pale tu ambapo dawa yenyewe huhitaji chakula tumboni.

(f) Mfasiri asilitafsiri jina la mlo kabla ya kujua maandishi yametoka nchi gani na mlo huo huliwa saa ngapi. Frokost ya Copenhagen ikifasiriwa kuwa kifungua kinywa, mgeni wetu atasubiriwa asubuhi, naye atafika adhuhuri akiwa na njaa na bila kosa lolote.

Wasomaji wenye majina mengine ya milo, hasa wa mwambao na visiwani, wanakaribishwa kutuandikia. Huenda neno tunalolitafuta limo jikoni mwa mtu tangu zamani, nasi hatujalisikia.