Kutu ya Kabiru, Kiraka Changu

Miwani ya Cyrus Kabiru, ile anayoiita C-Stunners, huniudhi kwa sababu haidanganyi. Waya inabaki waya. Chuma chakavu cha Nairobi kinakaa usoni mwa mtu na hakiombi msamaha.

Mimi huamkia Gikomba kuchagua jaketi za jinzi zikiwa bado kamera. Naweka kiraka cha kitenge mgongoni, kisha Jumapili nauza kwa bei mara tano. Mteja akiuliza, nasema ni ya miaka ya 70. Ya 70 wapi, bana! Zipu yenyewe ni ya juzi, na kiraka kinaficha doa tu. Hapo ndipo Kabiru ananishinda. Juzi dada mmoja alifunua kiraka, akaliona doa, akacheka, akalipa bei ileile.