Kitabu cha Makhan Singh

Msomaji, ukipita Kaloleni, utazame ukumbi wa mtaa ule. Humo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alidai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, asifunguliwe hata Oktoba 1961. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 ayaeleza hayo kama karani wa mkutano: maazimio, barua, tarehe. Mwingine angalijaza kurasa kwa kujisifu! Ukavu huo nauhesabu kuwa uaminifu. Lakini kitabu chakoma mwaka 1952, basi atakaye kujua mgomo ulivyozaa kura hapati jibu: hamwoni Tom Mboya, katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi, akichaguliwa Nairobi Machi 1957, Mwafrika mmoja akipewa hata kura tatu kwa elimu na mali yake, na jirani yake asipewe hata moja.