Dhiraa Mbili za Kha: Uhakiki wa Mpaka baina ya Sanaa na Vitu vya Kila Siku katika Maelezo ya Misri ya Kale

Maelezo kuhusu Misri ya kale hupangwa kwa kawaida katika mafungu mawili: sanaa upande mmoja, vitu vya matumizi ya kila siku upande wa pili. Mgawanyo huo ulikomaa katika makumbusho ya Ulaya ya karne ya 19, nao huingia katika tafsiri za Kiswahili bila kuhojiwa. Makala hii inaujaribu kwa kaburi moja, na inadai kwamba Kiswahili hakina sababu ya kuurithi.

Kaburi lenyewe ni la Kha na mkewe Merit, lililofunguliwa na Ernesto Schiaparelli Februari 1906 huko Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga na kupamba makaburi ya wafalme karibu na Luxor. Kha alikuwa msimamizi wa kazi za ujenzi katika Nasaba ya 18. Wezi hawakuwahi kulifikia. Mikate, nguo, vitanda, mitungi na zana zilikutwa zilipoachwa, na karibu vyote vikapelekwa Turin, Italia, vilipo hadi leo.

Miongoni mwa vitu hivyo zimo dhiraa mbili. Ya kwanza ni ya mbao, ina bawaba ya kuikunja na mfuko wake wa ngozi; ni zana ya mtu anayekwenda kazini. Ya pili imefunikwa kwa dhahabu na kuandikwa sifa za mfalme Amenhotep wa Pili. Wataalamu huichukulia kuwa tuzo. Kwa mgawanyo uliozoeleka, moja itawekwa kwenye kabati la zana na nyingine kwenye kabati la sanaa. Hata hivyo zote ni kipimo kilekile: dhiraa ya kifalme, takriban sentimita 52, yenye viganja 7, kila kiganja vidole 4. Aliyeitengeneza ya dhahabu hakuacha hesabu ili ashike urembo. Thamani ya tuzo hiyo ilitokana na kazi iliyofanywa na ile ya mbao, na anayezitenga huikata hoja iliyokuwa wazi kwa Kha mwenyewe.

Msamiati wa Wamisri unaunga mkono usomaji huu. Neno lao lililo karibu zaidi na sanaa, hemut, lilihusu pia useremala na ufuaji wa metali, na alama yake ya maandishi ni keekee ya kutobolea vyombo vya mawe. Mchongaji wa sanamu aliitwa sankh, yaani anayehuisha. Ndiyo maana sanamu ndogo ya Kha, iliyokutwa kitini ikiwa na shada la maua, haikuwekwa pale ili itazamwe. Kwa upande wa Kiswahili, sanaa ni neno lenye asili ya Kiarabu, na huko lilimaanisha ufundi na uundaji kabla halijabanwa kwenye michoro na maonyesho. Mfasiri anayeandika sanaa kwa maana hiyo pana yuko karibu na hemut kuliko mwenzake wa Kiingereza. (Neno sanamu lina tatizo lake: bado linanuka ibada ya masanamu, na tahadhari inahitajika.)

Hasara ya kutojiamini huonekana katika maneno madogo. Chombo kilichokuwa sandukuni mwa Merit kikiitwa "chombo cha vipodozi", msomaji wa pwani ananyimwa neno wanja, ambalo analijua pamoja na kijiti chake. Dhiraa ikiitwa "kifaa cha kupimia", anapoteza kipimo ambacho lugha yake ilikihifadhi pamoja na shibiri na pima. Waandaaji wa mitaala na wa maelezo ya makumbusho wana wajibu hapa, kwa kuwa istilahi ya jumla ikishazoeleka ni vigumu kuiondoa.

Pingamizi moja lina uzito. Si kila kitu kaburini kilitumika. Kiti chenye sanamu kilipakwa rangi kuigiza nakshi za pembe na mpingo, na maandishi yake ni ya maombi ya wafu. Kwa hiyo kuita kila kitu cha kila siku ni kosa jingine. Kinachohitajika ni maelezo ya kila kitu kivyake: nani alikitengeneza, nani alikitumia, kimeandikwa jina la nani.

Jeneza la Merit linaonyesha uzito wa swali hilo la mwisho. Orodha ya sanaa itasifu dhahabu yake. Orodha ya maisha ya kila siku italiacha katika fungu la mazishi. Zote mbili zinaweza kunyamazia kwamba jina lililoandikwa juu yake ni la Kha. Mke alitangulia kufa, jeneza lake halikuwa tayari, naye akalazwa katika la mumewe, kubwa kuliko mwili wake. Kibao cha Kiswahili kinaweza kuyasema hayo kwa maneno matano: jeneza la Kha, alimozikwa Merit.