Maua ya Kuta za Rüstem Paşa

Wako watu wasemao kwamba pambo si kazi ya akili: ua la ukutani ni la kufurahisha macho tu, basi. Mimi sikubali. Tutazame msikiti wa Rüstem Paşa mjini Istanbul, uliojengwa na Sinan, mjenzi mkuu wa Sultani Süleyman, karibu na mwaka 1562.

Kuta zake zimevikwa vigae vya maua. Vilitoka Iznik, mji tunaoujua sisi kwa jina la kale, Nikea, walipokutana maaskofu katika Mtaguso wa mwaka 325. Wafinyanzi wa huko walisaga jiwe jeupe la kwatzi, wakalichanganya na udongo kidogo, wakachora maua, wakapaka maji ya kioo juu yake, wakachoma tanuruni.

Sasa angalia ua la tulipa. Mchoraji hakutia kivuli wala unene. Mstari mwembamba, petali chache zilizochongoka, rangi ndani yake. Hata hivyo shina limepinda kidogo, kana kwamba upepo umepita sasa hivi. Angalitia kivuli, tungaliona dirisha lenye bustani nyuma yake. Lakini ukuta umebaki ukuta, nao umechanua. Je, hiyo si akili? Na ile nyekundu! Imepakwa nene hata kidole kinaweza kuupapasa mwinuko wake.

Kasoro ipo. Namna za michoro ni nyingi mno, zimebanana, moja hainyamazi ili nyingine isikike. Sinan mwenyewe alikuwa na kiasi zaidi katika msikiti wa Süleymaniye, uliokamilika mwaka 1557: huko vigae aliviweka kwenye ukuta wa kibla tu, na jicho linapata pa kupumzikia.

Baadaye kazi hiyo iliharibika. Msikiti wa Sultani Ahmed, ulioanzwa mwaka 1609, ulidai vigae zaidi ya 20,000. Bei ya kigae iliwekwa kwa amri ya Sultani, wala haikupandishwa, ingawa gharama za mfinyanzi zilipanda. Naye afanyeje? Katika vigae vya miaka iliyofuata nyekundu inageuka kahawia, na rangi zinavuja nje ya mistari. Tulipa ni ile ile ya babu zao, lakini mkono ulioichora ulikuwa na haraka.