Kusimamisha Si Kukomesha: Juu ya Istilahi za Ishara katika Unix

Katika tafsiri za maandishi ya kompyuta tunazoletewa tuzipitie, neno moja, "kukatisha", limetwikwa kazi mbili: kueleza programu iliyokwisha kabisa na kueleza iliyosimama kwa muda tu. Kosa hili laonekana dogo, lakini humpotosha mwanafunzi anayejiundia ganda la Unix, yaani programu inayopokea amri za mtumiaji na kuziendesha.

Tangu toleo la 4BSD la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1980, mtumiaji wa mfumo huo aliweza kuiweka kazi kando, kisha akairudia. Akibonyeza Ctrl na C, kundi la michakato lililo mbele hupelekewa ishara ya SIGINT, ambayo kwa kawaida hulikomesha. Akibonyeza Ctrl na Z, hupelekewa SIGTSTP, ambayo hulisimamisha tu, SIGCONT huliendeleza. Ganda lenyewe hujikinga na ishara mbili hizo za kwanza, ama kwa kuzipuuza ama kwa kuzidaka. Likizipuuza, halina budi kuurudishia kila mchakato mtoto mwitiko wa kawaida kabla ya programu mpya kuanza, kwa kuwa hali ya kupuuza hurithiwa.

Sasa mwanafunzi aliyefunzwa kwamba mchakato "hukatishwa" kwa namna moja tu huita waitpid bila chaguo la WUNTRACED. Ctrl na Z zikibonyezwa, mchakato mtoto husimama bila kukoma. Ganda hungojea mwisho usiokuja, na terminali hubaki kimya. Hapo kosa la istilahi limekwisha kuwa kosa la programu.

Lugha yetu haina upungufu hapa. Mtumishi aliyesimamishwa kazi si sawa na aliyeachishwa: wa kwanza jina lake lingali daftarini, naye aweza kurejeshwa. Mchakato uliosimamishwa nao ungali katika orodha ya kiini cha mfumo.

Kasoro ya pili ni amri ya kill kufasiriwa "ua", ilhali kazi yake ni kupeleka ishara yoyote, hata SIGCONT yenyewe. Mtu aambiwe vipi "aue" ili kazi iendelee?

Kwa hiyo twapendekeza "simamisha" kwa SIGTSTP na SIGSTOP, "endeleza" kwa SIGCONT, "komesha" kwa ishara za kumaliza, na "peleka ishara" kwa amri ya kill. "Ua" libakie kwa SIGKILL peke yake, ambayo haidakiki wala haipuuziki.